Kikapu cha Bibi na Soko la Leo



 Mwaka huu napenda tuzungumzie jambo lililo karibu nasi mno hata tumeacha kuliona. Nalo ni ususi wa vikapu, nyungo na mikeka katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo.

Sababu ya kuandika makala haya ni swali. Mwanafunzi wetu mmoja wa kike aliniuliza baada ya kipindi: "Ustadhi, nyumbani bibi ananifundisha kusuka. Wenzangu wananicheka, wanasema ni kazi ya kizamani isiyo na faida. Je, niendelee au niache?" Siku ile sikumpa jibu, kwa kuwa wanaomcheka wana sehemu ya ukweli. Kikapu kinachosukwa kwa siku tatu na kuuzwa kwa bei ya sahani mbili za wali si biashara. Lakini kuacha nako ni kupoteza elimu ambayo hakuna kitabu kilichoiandika. Basi makala haya ndiyo jibu langu kwake na kwa wenzake wanaomcheka.

1. TUNAZUNGUMZIA NINI?

Maneno mawili yanahitaji kufafanuliwa mapema.

La kwanza ni hekima ya wenyeji. Hii ni elimu ambayo watu wa mahali wameipata kwa kuishi hapo miaka mingi: kujua mmea upi ni imara, ukatwe lini, ukaushwe vipi, na chombo gani kinafaa kazi gani. Elimu hii hukaa mikononi na midomoni mwa wazee. Mzee akifariki bila kumfundisha mtu, elimu yake nayo huzikwa.

La pili ni ubunifu. Watu wengi hudhani ubunifu ni kuacha cha zamani na kuleta kipya kabisa. Sivyo. Mara nyingi ubunifu ni kufanya jambo la zamani kwa njia inayofaa hali ya sasa.

Hapa ndipo penye nukta kuu ya makala haya. Kila desturi ya wazee ina vitu viwili ndani yake: sababu na njia. Sababu ni lile lililowafanya wazee waanze kufanya hivyo. Njia ni jinsi walivyofanya kwa vifaa vya wakati wao. Msukaji anayetaka kubuni hana budi kuijua sababu kwanza, kisha aitunze, na njia aibadilishe pale panapolazimu. Anayebadilisha njia bila kuijua sababu huharibu kazi. Na anayeng'ang'ania njia huku sababu imeshapotea hubaki nyuma.

2. ARDHI YETU NA MIMEA YAKE

Wilaya ya Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima na mabonde. Mto Ruvubu kutoka Burundi na mto Nyabarongo kutoka Rwanda hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo na kuwa mto Kagera. Katika mabonde na kingo za mito hii huota mafunjo, matete na majani marefu ya aina nyingi. Vilimani na majumbani kuna migomba. Wenyeji wa Ngara ni Wahangaza na Washubi, na lugha zao ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Kwa hiyo si ajabu kuona vikapu vya pande zote za mpaka vikifanana. Mishono ilivuka mto kabla mpaka haujachorwa.

Wilaya ya Biharamulo, yenye boma la zamani la Wajerumani, ni nchi ya misitu na mapori. Lakini pia ni njia panda. Nyakanazi na Lusahunga ni mahali ambapo barabara za Kahama, Kigoma, Mwanza na Bukoba hukaribiana, na malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana. Msukaji wa wilaya hizi mbili ana malighafi nyuma ya nyumba na wapita njia mbele ya nyumba.

3. KIKAPU HUSUKWAJE?

Wapo wanafunzi wanaotumia kikapu kila siku na hawajui kilivyotengenezwa. Kikapu cha mviringo cha kwetu husukwa kwa kuzungusha. Msukaji huchukua kicha chembamba cha majani makavu, akakiviringa kwa uzi wa mmea uliolowekwa majini ili ulainike. Huanzia katikati, mahali panapoitwa kitovu. Kila akizungusha mara moja, hutoboa mzunguko uliotangulia kwa sindano nene, akapitisha uzi, akavuta. Hivyo kila mzunguko hushikwa na ule ulio chini yake.

Umbo hutokana na mkono. Mzunguko ukiwekwa pembeni ya uliotangulia, kikapu hutanuka. Ukiwekwa juu yake, kikapu hupanda. Ukivutwa ndani kidogo, mdomo hufunga. Hakuna ramani wala mashine. Msukaji hukadiria kwa jicho na vidole, na akikosea kwenye kitovu, kosa hilo huonekana hadi mdomoni. Ndiyo maana mara nyingi bibi hukianza kikapu mwenyewe na kumpa mjukuu aendeleze katikati, mpaka mjukuu atakapokomaa.

Mkeka husukwa kwa namna nyingine. Majani ya ukindu huchanwa, hukaushwa, kisha husukwa ukili mrefu mwembamba, na kili hizo hushonwa pamoja mpaka mkeka ukatimia upana unaotakiwa.

Hii si kazi ya mtu asiye na akili. Ni hesabu inayofanywa kwa mikono.

4. SABABU NA NJIA: MIFANO MINNE

Sasa tuichukue ile kanuni yetu tuione ikifanya kazi.

(a) Moshi wa jikoni

Wazee wengi walihifadhi vikapu na nyungo darini, juu ya jiko la kuni. Kijana wa leo anaweza kudhani walikosa kabati. Lakini sababu ilikuwapo: moshi hufukuza wadudu watoboao majani, na joto la jiko hukausha unyevu unaoleta ukungu.

Mteja wa leo hataki kikapu chenye harufu ya moshi wala weusi wa masizi. Je, tuache kukausha? Hapana. Sababu ni kuzuia wadudu na ukungu, nayo ibaki. Njia ibadilike: majani yakaushwe vizuri kabla ya kusuka, kikapu kilichokamilika kianikwe tena mahali penye hewa, kisha kiwekwe kwenye kichanja kilichoinuka kutoka ardhini na kukaguliwa kila wiki. Kikundi kinachofungasha vikapu vibichi kwenye boksi kwa haraka kitapata habari ya ukungu kutoka kwa mteja, na oda ya pili hakitaipata.

(b) Kuacha shina

Wazee walikata majani, hawakuyang'oa. Walisubiri yakomae, wakachukua sehemu na kuacha sehemu. Sababu ilikuwa kwamba mwakani watarudi hapo hapo.

Leo watu ni wengi na mapori yamepungua. Tena mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na ndani ya hifadhi ya taifa mtu haruhusiwi kujikatia majani apendavyo. Basi sababu ibaki, yaani malighafi isiishe, lakini njia ibadilike: msukaji apande mwenyewe. Mkonge unaweza kuwa ua wa shamba. Majani marefu yanaweza kupandwa kwenye matuta ya vilima vya Ngara, yakazuia udongo usichukuliwe na mvua na baadaye yakakatwa kwa kusukia. Mgomba uliokwisha kuzaa hutoa magamba makavu ambayo wengi huyaacha yaoze. Msukaji mwenye shamba lake hana ugomvi na askari wa hifadhi.

(c) Shibiri ya mkono

Wazee walipima kwa shibiri, kwa dhiraa na kwa upana wa vidole. Sababu: kipimo hiki hakipotei wala hakisahauliki nyumbani. Kikapu kilipokuwa cha mtu mmoja kumpa jirani yake, kipimo hicho kilitosha.

Lakini chukua mfano wa mteja anayeagiza vikapu 200 vinavyolingana, na wasukaji ni 20. Kila mmoja akitumia shibiri yake, vitakuja vikapu vya ukubwa wa namna 20. Hapa haitafaa kuwadharau akina mama kwamba hawajui vipimo. Wanajua, ila mikono yao haikuumbwa sawa. Njia mpya ni nyepesi: kikundi kichague shibiri ya mmoja wao, kiichore kwenye kijiti, kisha kila msukaji apewe kijiti kinacholingana na hicho. Kimoja cha kitako, kimoja cha urefu, kimoja cha mdomo. Shibiri imebaki, lakini sasa ni ya kikundi chote.

(d) Kutumia kilicho jirani

Wazee hawakuagiza malighafi kutoka mbali. Walisuka kwa kile kilichokuwa kingi mahali walipo. Hiyo nayo ni hekima. Sasa jiulize: siku hizi kitu gani ni kingi vijijini kwetu? Utaona mifuko chakavu ya salfeti, ile iliyoleta unga, sukari au mbolea, imetupwa kila mahali. Baadhi ya wasukaji wa Ngara wameifumua mifuko hiyo wakapata nyuzi imara za kuzungushia majani. Takataka imegeuka malighafi, na kanuni ya bibi imebaki ile ile.

Hata hivyo tahadhari inahitajika. Nyuzi za mfuko wa mbolea au dawa ya shamba zisitumike kwenye chombo cha chakula. Na ungo ubaki ungo. Kazi ya ungo ni kupepeta, nao hutaka wepesi na uso unaopeleka makapi pembeni. Anayeufanya mzito kwa mapambo ameunda pambo la ukutani, si ungo. Si vibaya kuuza pambo la ukutani, mradi amwambie mnunuzi hivyo.

5. MFANO WA NYUMBANI

Huenda msomaji akasema haya ni maneno tu. La. Hapa hapa Ngara, tangu mwaka 2007 kumekuwa na shughuli inayoitwa WomenCraft, ambayo imefanya kazi na vikundi vya wanawake wasukaji wa eneo la mpaka wa Tanzania na Burundi. Vikapu vyao hutumia majani ya kienyeji na nyuzi za mifuko ya salfeti, na vimeuzwa katika maduka ya ng'ambo. Baadaye, kupitia mpango wa MADE51 wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, kazi hiyo iliwafikia pia wakimbizi wa Burundi waliokimbilia mkoani Kigoma baada ya machafuko ya mwaka 2015.

Angalia kilichobadilika na ambacho hakikubadilika. Mshono haukubadilika, ni ule ule wa kuzungusha na kutoboa. Kilichobadilika ni matumizi, vipimo, rangi na ukaguzi. Kikapu cha nafaka kimekuwa cha kuwekea nguo au matunda sebuleni kwa mtu wa mbali. Wala mashine ya kusuka haikuletwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika wilaya yetu. Wazazi wanakumbuka mwishoni mwa Aprili 1994, wakati Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa kama mji. Wakimbizi wa Burundi nao walikaa miaka mingi Lukole. Watu waliofika hawakuwa na shamba, nyumba wala mifugo. Lakini aliyejua kusuka alifika na kazi yake, kwa sababu ilikuwa mikononi mwake. Mali huachwa nyuma, ujuzi hauachwi.

6. MAJIRANI ZETU WANATUFUNDISHA NINI?

Rwanda wana kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, kiitwacho agaseke, ambacho tangu zamani hutumika kupelekea zawadi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wanawake wajane na wanawake ambao waume zao walikuwa gerezani walikaa pamoja wakasuka. Dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, walianzisha kampuni ya Gahaya Links iliyowakusanya wasukaji, ikawafundisha ulinganifu wa vipimo na rangi, na mwaka 2005 duka kubwa la Marekani liitwalo Macy's likaanza kuuza vikapu vyao. Kikapu kimo hata katika nembo ya taifa ya Rwanda ya mwaka 2001. Tunalojifunza hapo ni kwamba waliheshimu kilicho chao kwanza, ndipo wengine wakakiheshimu.

Kenya wana kiondo, kikapu cha katani kinachosukwa na akina mama wa Kikamba na Kikikuyu. Kiliongezewa mikanda ya ngozi kikawa mkoba wa mjini, na katika miaka ya 1970 na 1980 kikapata soko kubwa ng'ambo. Baadaye vikaja vyondo vya kuigwa vilivyotengenezwa kwa mashine nje ya Afrika, vikauzwa kwa bei ndogo. Tunalojifunza hapo ni kwamba umbo la kikapu huigwa kwa urahisi. Kisichoigwa kwa urahisi ni kazi safi ya mkono, jina la mahali kinapotoka na uaminifu wa msukaji. Kwa hiyo kikundi kijipatie jina, kilisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na kila kikapu kiwe na kikaratasi kinachoeleza kimetoka kijiji gani na kimesukwa kwa mmea gani.

Soko lenyewe si la ng'ambo tu. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kama Rwanda ilivyofanya mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017. Siku ile kila mwenye kwenda sokoni alihitaji kitu cha kubebea. Nafasi kubwa ilikwenda kwa mifuko mbadala ya viwandani, ingawa kikapu kilikuwapo tangu zama za babu zetu. Mafundi walikuwapo na malighafi ilikuwapo. Palipokosekana ni kikapu chepesi, cha bei nafuu, chenye mkono wa kushika, kinachokunjika. Hilo ni swali la ubunifu ambalo hadi leo linamsubiri kijana wa Ngara au Biharamulo alijibu.

7. HESABU YA BEI

Wasukaji wengi hupata hasara bila kujua kwa sababu hawahesabu muda wao. Tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu.

Tuseme malighafi na rangi ni shilingi 2,000. Kusuka kumechukua siku 3, na kibarua cha siku moja shambani ni shilingi 5,000. Basi gharama ya kikapu ni:

2,000 + (3 x 5,000) = shilingi 17,000.

Akikiuza kwa shilingi 8,000 akafurahi kwamba amepata fedha, kwa kweli amepoteza shilingi 9,000. Afadhali angekwenda kulima. Sasa ana njia tatu: apandishe bei kwa kuboresha kazi na kutafuta mnunuzi mwingine, apunguze muda kwa kugawana kazi na wenzake, au atengeneze chombo kidogo zaidi kinachomalizika kwa siku moja. Njia ya nne, yaani kulegeza mishono ili amalize haraka, ni njia ya kujifungia duka. Mnunuzi atakayeona kikapu kinafumuka atawasimulia wengine, na kijiji kizima kitahesabiwa.

Kuhusu kugawana kazi, hekima ya zamani inasaidia tena. Si kila mama ni hodari wa kitovu, na si kila mama ana jicho la rangi. Kama bibi alivyoanza na mjukuu akaendeleza, vivyo hivyo kikundi kiwape hodari wa kitovu kuanza, wengine waendeleze, na mwenye jicho kali akague mwisho. Mkaguzi asiwe na haya. Kikapu kibovu kikirudishwa kwa msukaji nyumbani ni somo, kikirudishwa na mteja ni fedheha.

8. MTAJI USIO NA RIBA

Wazazi wengi huuliza: mtaji utoke wapi, nasi hatutaki kuingia katika riba? Njia zipo. Upatu wa akina mama ni wa siku nyingi, nao hauna riba. Pia sheria inazitaka halmashauri zetu kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Mwenye kuihitaji aanze kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yake, akiwa na kikundi kilichosajiliwa. Kwa mafunzo ya kazi na vifungashio lipo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973.

Na hapa yafaa tumkumbuke Sahaba mtukufu Salman al-Farisi (r.a.). Inasimuliwa kwamba alipokuwa gavana wa Madain alikuwa akisuka vyombo vya majani ya mtende kwa mikono yake. Alinunua majani kwa dirhamu moja, akauza kazi yake kwa dirhamu tatu. Moja aliirudisha kununulia majani mengine, moja aliitumia kwa watu wa nyumba yake, na moja aliitoa sadaka. Tazama hekima hiyo. Mtaji haukuliwa, familia haikusahauliwa, masikini hakusahauliwa. Wasukaji wetu wengi huangukia hapo kwenye dirhamu ya kwanza: fedha yote huliwa, na majani ya kikapu kijacho hukosa wa kuyanunua.

Tena imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alisali juu ya khumra, jamvi dogo lililosukwa kwa majani ya mtende. Sasa ni nani atakayeidharau kazi ya kusuka?

9. JIBU LANGU

Narudi kwa yule mwanafunzi aliyeniuliza. Binti yangu, jibu langu ni hili: endelea, lakini usiendelee kwa kufumba macho. Jifunze mshono wa bibi mpaka mkono wako usikosee. Kisha, kila anapokuonyesha jambo, muulize kwa adabu, "Bibi, kwa nini?" Kwa nini tunaloweka? Kwa nini hatukati wakati wa mvua? Kwa nini kifuniko kimechongoka? Majibu yake yaandike katika daftari, maana hayajaandikwa popote. Ukishajua sababu, hesabu unayojifunza shuleni itakusaidia kuona njia mpya.

Nanyi mnaomcheka mwenzenu, jiulizeni: bibi yenu akiondoka leo, nani kijijini atajua kuanza kitovu? Na ninyi wavulana, msidhani ususi ni wa wanawake peke yao. Matenga ya kuku, vihenge vya nafaka na kuta za fito vilisukwa na babu zenu.

Wazazi, msiwaambie watoto kwamba kusuka ni adhabu ya aliyeshindwa shule. Mtoto anaweza kusoma na kusuka pia, na huenda ada ya kidato kijacho ikatoka kwenye kikapu hicho hicho.

ZOEZI LA LIKIZO

1. Mtafute mzee mmoja anayesuka. Mwombe akutajie mimea mitatu ya kusukia na wakati wa kuikata.
2. Andika desturi moja ya wasukaji wa kijijini kwako. Eleza njia yake na sababu yake. Je, sababu bado ipo? Njia inahitaji kubadilika?
3. Hesabu gharama ya kikapu kimoja cha nyumbani kwenu kwa kutumia mfano wa sehemu ya 7. Je, kinauzwa kwa faida au kwa hasara?
4. Buni kikapu chepesi cha sokoni. Kichore, na uandike vipimo vyake kwa sentimeta.

Yeyote mwenye majibu ya kuridhisha ayalete shule zikifunguliwa. Tutayasoma darasani, na tutamwalika bibi mmoja aje kutusahihisha, kwa sababu katika somo hili yeye ndiye mwalimu na sisi sote ni wanafunzi.